Mjomba wa Ukutani

Mama alipofariki, kazi ya kuhamisha vitu vyake iliniangukia mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa karibu, na kwa sababu ndugu zangu wawili wana maumivu ya mgongo yanayowajia siku za kazi tu. Siku ya tatu, nimechoka sina hali, nikafungua kabati la chini ya sinki nikakuta kopo la nta ya kung'arishia mbao. Lilikuwa limeshika kutu, na nta yenyewe imekauka imepasukapasuka. Nikainusa. Sijui kwa nini niliinusa, mtu mzima na akili zangu. Nikajikuta nimekaa sakafuni nalia, na niliyekuwa namlilia si Mama. Mama nilikuwa nimeshamlilia. Nilikuwa namlilia mjomba wangu Nassor, ambaye sikupata kumtia machoni.

Wenzangu wa rika langu mliolelewa Hounslow, huku London, mnaijua baridi ya zile nyumba za kupanga juu ya maduka. Sisi tulikuwa na vyumba viwili, na ndege zikipita chini chini mpaka vikombe vinalia kabatini. Baba alikuwa mpakiaji mizigo uwanja wa ndege. Unguja alikuwa karani, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na kalamu zile alizitia hata kwenye ovaroli, sijui akitarajia nani amwombe amwandikie. Kiingereza cha nyumba nzima kilikuwa chake. Daktari, mwalimu, mwenye nyumba, mtu wa mita ya gesi, maneno yao wote yalipita kwa Baba kwanza ndipo yafike kwa Mama. Mama mwenyewe alikuwa na maneno manne tu: ndiyo, hapana, asante na kesho. Sisi watoto tulikielewa Kiswahili chote, lakini tulijibu kwa Kiingereza, na yeye alitujibu kwa Kiswahili, na maisha yakaenda.

Mjomba Nassor alikuwa kaka yake Mama, wa pekee. Yalipotokea mapinduzi, watu wenye bunduki walimchukua, asionekane tena. Mama alikuwa na mimba yangu. Baada ya miezi michache wazazi wangu wakaondoka, nikazaliwa huku. Nyumbani kwetu hakuna aliyesema Nassor kafa. Tulisema Nassor kapotea, na neno hilo lilikaa nasi kama mtu wa sita mezani, maana hapakuwa na siku lisiposemwa.

Mama alitaka kumsomea hitima. Sisi mtu wetu akifa hukusanya watu, wakagawana juzuu za Kurani, wakamsomea, wakamwombea, kisha watu wakala wakaondoka, na moyo wa wafiwa ukatua kidogo. Kila mwaka Mama aliomba, na kila mwaka Baba alikataa. Alikuwa akisema, utamsomeaje hitima mtu ambaye huna hakika kafa? Utakuwa unamwombea mauti ndugu yako mwenyewe. Neno hilo lilikuwa na maana yake, na Mama akarudi kwenye sufuria zake.

Na hakuwa yeye peke yake. Mjomba alimwacha mke kule Unguja, Bi Mwanaisha, kijana bado, hana hata mtoto. Kila ilipokaribia Ramadhani ilikuja barua yake, bahasha nyembamba ya buluu, na ndani yake swali moja tu: mmepata habari? Bila habari yule mwanamke hakuwa mke wala mjane. Hakuweza kukaa eda, hakuweza kuolewa, alikaa tu ukumbini kwa wazazi wake anasubiri. Baba alimjibu kwa hati yake nzuri kwamba hatujui, tunaendelea kumwomba Mungu. Nikiikumbuka hati ile leo, ilivyokuwa imepangika, natamani kuichana.

Basi Mama akapata kazi ya usafi. Baba aliambiwa ni ofisi. Mimi niliambiwa, ukiulizwa, sema ofisi. Kwa kweli lilikuwa kanisa dogo la matofali, barabara ya nyuma, limebanwa kati ya duka la dobi na safu ya nyumba. Lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa zamani huko Japani kwa ajili ya dini yao, na padri wake, mzee mrefu, alikuwa amekaa Japani ujana wake wote mpaka akikuamkia huinama kidogo. Mama, Mwislamu mtoto wa Mwislamu, alivua viatu mlangoni kila alipoingia. Alisema nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada, na isitoshe sakafu ndiyo kwanza kaipiga nta. Aliipenda kazi ile kwa sababu moja, hakuna aliyekataa aje na mtoto. Kila Jumamosi Baba akiwa kazini, mimi na Mama tulikuwa kule, yeye magotini na kitambaa, mimi napangusa viti.

Ukuta wa kulia ulikuwa na ubao mrefu wa mti mweusi, na juu yake wamechongwa watu ishirini na sita, mstari mmoja, kila mmoja msalabani, mikono imetandazwa. Watatu walikuwa watoto. Mmoja wao alikuwa mdogo kiasi cha kwamba niliposimama juu ya kiti tulitazamana. Mara moja kwa mwaka Wajapani wachache walikuja na maua, wakasimama mbele ya ubao ule kimya, wakaenda zao. Ni akina nani watu wale na kwa nini wametundikwa, mimi sikujua na Mama hakujua. Nani angemwambia? Baba hakuwepo wa kumfasiria, na maneno yake manne yasingemfikisha Japani.

Wengine wote Mama aliwapitia na kitambaa kikavu, haraka haraka, kama anayepangusa kabati. Lakini wa nne kutoka mwisho alimsafisha kwa ncha ya kanga yake aliyoileta kutoka nyumbani, ameichovya maji ya uvuguvugu. Alikuwa mtu mwenye kipaji kipana na mdomo wazi kidogo, kama yuko karibu kusema kitu cha kuchekesha. Mama alimfuta macho, akamfuta nyuma ya masikio, akimsemesha chini chini. Siku moja nikamuuliza huyu nani. Alikuwa amechoka, mkono mmoja kiunoni, hata hakugeuka. Akasema, "Mwamkie mjomba wako." Nikasema shikamoo mjomba. Mama akaitikia kwa niaba yake, kwa sauti nzito ya kiume, marahaba mwanangu, akacheka. Mama alikuwa hacheki ovyo siku zile. Tangu hapo kila Jumamosi nilimwamkia, na kila Jumamosi niliitikiwa.

Sasa nisikilizeni hesabu ya mtoto wa miaka minane. Nyumbani nasikia Nassor kapotea. Shuleni kwetu kulikuwa na sanduku la glavu na skafu zilizopotea, zinangoja wenyewe. Baba alikuwa akitusimulia kwamba uwanja wa ndege una chumba kizima cha mizigo iliyopotea, imepangwa kwenye rafu, kila mmoja na namba yake, na siku moja mwenyewe huja akauchukua. Nikajumlisha. Nikaona bila shaka Waingereza wana mahali pa kuweka watu waliopotea vilevile, na mahali penyewe ni pale, na Mama kamgundua nduguye, ila bado hajapata karatasi za kumtolea. Karatasi zilikuwa maradhi ya nyumba yetu, kila kitu kilikuwa kinangoja karatasi, kwa hiyo hilo halikunishangaza hata kidogo. Nikaona vizuri kumwambia Baba, kwani mtu wa karatasi ni yeye.

Ijumaa moja jioni ile bahasha ya buluu ikaja. Baba aliisoma kwa sauti mezani, kama kawaida yake, macho hayatoki kwenye karatasi. Bi Mwanaisha safari hii aliongeza mstari: kuna mtu amemposa, mtu mzuri, na baba yake anataka jibu, naye hana la kujibu. Mama akaweka kijiko chini. Baba akaikunja barua akasema atamwandikia kwamba hatujui. Nikaona hapa ndipo. Nikasema, nikichanganya Kiingereza changu cha shule na Kiswahili, mbona tunajua, mjomba yuko kanisani, Mama humwosha uso kila Jumamosi.

Nilitazamia Baba amgeukie Mama aulize kanisa gani. Hakuuliza kanisa. Rangi ilimtoka, kweli ilimtoka, na akauliza kwa sauti ndogo sana, "Nani kakwambieni?"

Mama alidhani anauliza habari ya kazi. Akasema, akimwita kwa jina langu kama kawaida, na usingizi wote wa wiki nzima umo sautini, "Ni sanamu, Baba Zuhura. Mtoto huyu hajui asemalo. Nasafisha kanisa, si ofisi. Basi, umejua."

Baba akasema kesho atakuja. Usiku kucha niliogopa. Nilijua nimemponza mama yangu, nikajua Baba atamtoa kazini kwa fedheha ya kanisa, na kazi ile ndiyo iliyotununulia viatu. Ndivyo nilivyoielewa hasira yake, na nilikosea, kwani haikuwa hasira.

Asubuhi Baba hakwenda kazini. Tulitembea watatu, Mama mbele na ndoo yake. Alivua viatu, akaanza kazi kama siku zote, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumapili na sakafu haitajisafisha. Baba akasimama mlangoni muda, kisha naye akavua viatu. Nikamshika mkono nikampeleka ukutani. Nikamwonyesha wa nne kutoka mwisho. Nikasema shikamoo mjomba, na safari hii hakuna aliyeitikia.

Padri akatoka chumba cha nyuma. Akafurahi kumwona mume wa Mama, akainama, akampa mkono, na kwa kuwa alimwona Baba amesimama mbele ya ubao ule hatoki, akadhani mgeni wake anataka kujua. Akamweleza. Alieleza polepole na kwa mapenzi, mzee wa watu, akiwapitisha kidole mmoja mmoja, na Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mama, magotini, akanyanyua uso. Mwaka na nusu alikuwa akiwapangusa watu wale.

"Anasema nini?" akauliza.

Baba alizoea kufasiri. Alikuwa akifasiri hata mambo mabaya, hata daktari alipotuambia kuhusu kifua cha ndugu yangu, alifasiri bila kutetereka. Siku ile alianza, akaacha, akaanza tena.

"Anasema hawa waliambiwa waikane dini yao. Neno moja tu, wende zao majumbani. Wakakataa. Hata huyu mdogo, aliambiwa atasalimika akisema, akakataa."

Mama akawatazama, kwa mara ya kwanza wote pamoja, si yule wa nne peke yake.

"Masikini ya Mungu," akasema. "Wangesema tu. Mungu angewaelewa."

Hapo ndipo Baba alipokaa. Alikaa kwenye benchi la mbele, soksi zake zina tundu kwenye kidole gumba, nakumbuka. Akasema, "Mimi nilisema."

Mama hakuelewa. Wala mimi.

"Walitupanga mstari. Wakanisimamisha mbele ya Nassor wakaniuliza namjua. Nikasema simjui. Wewe ulikuwa na huyu tumboni, nikasema simjui, si ndugu yangu, sijapata kumwona. Wakamgeukia yeye, wakamuuliza kama ananijua mimi." Akalitazama lile tundu la soksi. "Akasema hanijui."

Padri hakuwa anajua hata neno moja la Kiswahili, lakini tabasamu lilimwisha usoni, akarudi nyuma taratibu akafunga mlango.

"Kisha?" Mama akauliza.

"Kisha kafa, Mama Zuhura. Palepale. Nilimuona."

Nilingoja Mama apige kelele. Nilikuwa nimeona wanawake wa kwetu wakipokea habari za msiba kwa simu, najua inavyokuwa. Hakupiga. Alivua glavu zake za mpira, moja, halafu ya pili, akazilaza juu ya ndoo. Akauliza ilikuwa siku gani. Baba akasema Alhamisi. Akauliza saa ngapi. Akasema asubuhi, jua halijawa kali. Akauliza alikuwa amevaa nini, na Baba akamwambia, shati la mikono mifupi, la mistari. Mama akaitika kwa kichwa, maana shati lile alilishona yeye.

"Mwanaisha anaandika miaka minane," akasema mwisho. Akavaa glavu, akarudi magotini. Zilikuwa zimebaki safu tatu za sakafu. Baba alisimama pale hajui la kufanya na mikono yake, kisha akaichukua ndoo, akaenda kubadilisha maji. Walimaliza sakafu ile pamoja, na mimi nikapangusa viti, sikuthubutu hata kumtazama mjomba.

Nyumbani Mama alimpa Baba karatasi na kalamu yake mwenyewe, akamkalisha mezani. Alimwambia amwandikie Bi Mwanaisha kwamba mumewe kafa, na siku, na saa. Baba akauliza, na lile lingine? Mama akasema, "Hilo lako, libebe mwenyewe. Yeye anataka kujua kama ni mjane tu." Barua ikaenda. Baadaye Bi Mwanaisha alijibu kwa mistari miwili ya kushukuru, na kabla ya mwaka kwisha tukasikia ameolewa.

Nimesoma habari za wale ishirini na sita nikiwa mtu mzima. Nimewafikiria kupita kiasi, nikiwa kwenye basi, nikiwa kazini, mpaka nimechoka nao. Nawaheshimu. Yule mdogo hasa. Lakini mimi ni mtoto wa neno lililosemwa. Baba angekataa kulisema, wangekufa wawili, na Mama angejifungua kwa jirani gani, sijui, na labda hapangekuwa na mimi wa kuandika haya. Na mjomba je? Yeye naye alikana, alisema hamjui Baba, na kwa neno hilo Baba akaenda nyumbani. Hakuna ubao wa kumchonga mtu wa namna hiyo. Kwa miaka nilimchukia Baba, kisha nikamhurumia, kisha nikachoka na vyote viwili. Nilichoshindwa kumsamehe si kuandika kwamba hatujui, bali kuliandika neno hilo kwa hati nzuri.

Hitima ilisomwa Jumapili, wiki mbili baada ya siku ile ya kanisani, katika chumba chetu cha mbele. Tulitoa kitanda, tukatandika mikeka na mablanketi, ubani ukafuka mpaka mpangaji wa jirani akaja kuuliza kama kuna moto. Walikuja wanaume kumi na mmoja, viatu vyao vikajaa ngazi nzima. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alipika pilau ya watu arobaini. Uso wake siku ile ulikuwa umelegea, umetulia, nikaona kumbe mama yangu bado kijana.

Juzuu zikagawiwa, kila mtu mbili au tatu, kwa kuwa watu hawakutosha. Kabla ya kuanza, Maalim aliyekuwa akitusomesha Kurani chuoni, mtu wa taratibu, akaweka mkono juu ya msahafu akamwomba radhi Baba. Alisema sote tunajua huyu alikuwa kapotea, na hitima haisomwi kwa dhana. Habari imethibitika? Nani aliyeshuhudia?

Wanaume wote wakamtazama Baba. Hakuna hata mmoja mle ndani ambaye hakupotelewa na mtu wake. Wawili walicheza mpira na Nassor. Nilikuwa mlangoni nimebeba birika la kahawa, nikamwona Baba anafungua mdomo, na nikajua, kwa jinsi mabega yake yalivyoshuka, kwamba amechoka na atasema. Angesema, asingekanyaga tena nyumba ya Mzanzibari hata mmoja hapa London, na sisi pamoja naye.

Mama akatokea nyuma yangu. Wanawake wa kwetu hawaingilii mkutano wa wanaume, sembuse wa kisomo. Alikuwa na taulo la jikoni begani, mikono inanuka vitunguu. Aliniweka kando kwa kiwiko, akasimama pale mlangoni, hakumtazama Baba hata kidogo.

"Habari imekuja kwa barua, Maalim," akasema. "Someni, chakula kinapoa."